Sinema ya magoma

Wadau, leo nitasema kwa ukali kidogo. Mnivumilie.

Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga neno magoma halihitaji kamusi. Kahawa ikiwa bado mtini, mwenye fedha anamfuata mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa, anampa chochote, wanakubaliana. Msimu ukifika mzigo ni wa mwenye fedha, kwa bei aliyoitaka yeye. Mkulima alishakula hela zamani, hana la kusema. Viongozi wanakemea, magoma yanaendelea.

Hoja yangu ni hii: sinema yetu Watanzania nayo inauzwa kwa magoma. Ndiyo maana tukiulizwa sinema ya Kitanzania ina sura gani, tunabaki kutazamana.

Mnunuzi wa kwanza yuko Kariakoo. Filamu za video zilipomiminika mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtayarishaji alimaliza kazi, akampelekea msambazaji, akalipwa mara moja na kuacha haki zote pale mezani. Anayenunua hivyo ndiye anayeamua. Nyota awe nani, kava liweje, hadithi ya saa moja ivutwe mpaka ijae sehemu ya kwanza na ya pili. Tukapata majumba ya kifahari, masofa, machozi, na majina kama "She is My Sister", "Devil Kingdom" na "Off Side" juu ya filamu ambazo watu wanaongea Kiswahili! Simsemi vibaya marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012. Yule alichapa kazi kuliko wengi na akawaleta Wanigeria wakacheza na sisi. Nauliza tu: hayo majumba ni ya nani? Mtanzania gani anaishi humo?

Mnunuzi wa pili ni mfadhili. "Siri ya Mtungi" ilitengenezwa kwa ustadi, hilo sibishi. Lakini fedha zilikuwa za Wamarekani kupitia USAID, na fedha hizo zilikuja na ujumbe wa afya mkononi. Katika filamu ya mfadhili kila mtu ni tatizo linalosubiri kurekebishwa. Halafu mfadhili akiondoka? USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Mwenye kutegemea mfuko ule sasa anaimba na nani?

Wa tatu ni tamasha la nje. Hapa naomba nieleweke. "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ni fahari yetu. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kabla yake tuliwahi kupeleka moja tu, "Maangamizi", mwaka 2001. Miaka ishirini, filamu mbili! Na Mbinga hatuna jumba la sinema. Mtu wa Toronto aliketi kwenye kiti cha sinema akaangalia hadithi ya Zanzibar kabla ya mtu wa Litembo. Kosa si la Shivji. Kosa ni la nchi inayomwachia msanii aende kutafuta watazamaji ng'ambo.

Najua mtasema watazamaji wetu wanapenda vya nje. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za kigeni. Mimi nasema walimkamata mwizi asiye. Nendeni kwenye vibanda vya video mkaulize kwa nini watu walijaa kumsikiliza Lufufu au DJ Mark akiwatafsiria filamu ya Kimarekani. Picha ilikuwa ya mgeni, lakini waliyemlipia kiingilio ni yule msimuliaji anayetania na kuapa kama wao. Watu wetu wana njaa ya kujisikia. Sisi tunawapa sofa.

Wengine watasema nchi maskini haiwezi. Haya, twende Misri. Talaat Harb alianzisha Banque Misr mwaka 1920, na mwaka 1935 benki hiyohiyo ikafungua Studio Misr. Fedha za Wamisri, kamera za Wamisri. Matokeo yake Kiarabu cha Cairo kinaeleweka kuanzia Morocco mpaka Oman, kwa sababu ya filamu. Sisemi Waarabu wamepona. Youssef Chahine mwenyewe aliishia kufanya kazi na fedha za Wafaransa. "Wadjda" ya mwaka 2012 ilipigwa Riyadh kwa kushirikiana na Wajerumani, wakati Saudi Arabia haina majumba ya sinema. Yalifunguliwa tena mwaka 2018. Magoma wanayajua. Lakini wao walianza na shamba lao, na sura yao ilishajulikana kabla mnunuzi hajafika.

Nikitaja Misri nakumbuka Liuli, hapo chini ziwani. Wajerumani walipoona jiwe lake walisema linafanana na Sphinx, wakapaita Sphinxhafen. Jiwe la Wanyasa likapewa jina la Misri na mtu wa Ulaya. Na hapohapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu. Nahodha Mjerumani hakujua kwamba vita imeanza. Akapiga makasia kwenda kumfokea nahodha wa Gwendolen, rafiki yake wa kunywa naye. Waingereza wanaisimulia kama kichekesho. Je, wapakia kuni, wapishi na wavuvi wa usipa waliokuwa ufukweni siku ile waliona nini? Hiyo ndiyo filamu yetu, na hakuna sofa hata moja ndani yake.

Sasa dawa. Wakulima wa kahawa walijibu magoma kwa kuungana kwenye AMCOS na kupeleka kahawa mnadani kwa pamoja. Watayarishaji nao waungane: wakodishe haki kwa miaka michache, wasiziuze moja kwa moja. Benki zikopeshe kwa dhamana ya filamu kama zinavyokopesha kwa mazao. Halmashauri zina kumbi zinazolala bure jioni; wekeni projekta na kiingilio cha bei ya soda.

Na wewe msomi mwenzangu unayecheka Bongo Movie huku ukiangalia Wakorea kwa kopi ya bure kwenye flashi, usijitoe. Mkulima haachi magoma kwa kuhubiriwa. Anaacha siku anapopata mtu wa kumlipa bei halali. Mnunuzi huyo ni mimi na wewe.

Naomba kuwakilisha.