Mtunzi Yupo Kigangoni



Zaburi ya 96 inaanza kwa kutaka wimbo mpya. Wimbo mpya haupatikani pasipo mtu wa kuutunga, na mara nyingi mtu huyo bado hajulikani. Swali langu wiki hii ni hili: sisi wa Bariadi tunamtambuaje mtunzi anayeanza?

Wazee wetu Wasukuma walikuwa na njia yao. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi huvihusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, vilishindana kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Mtazamaji aliamua kwa miguu yake: aliyevuta umati ndiye aliyeshinda, hata kama jana hakuna aliyemjua. (Walikuwepo waliosema kuwa umati umevutwa na dawa, lakini dawa haitungi mashairi.) Shambani nako wimbo ulipimwa kwa jembe. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanya nyimbo hizo za kazi katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010.

Kanisa halikuvidharau vipaji hivyo. Huko Bujora, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alizikaribisha ngoma, nazo zikafungamana na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo katika sikukuu ya Bulabo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, ibara ya 119, uliagiza muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi unayostahili.

Lakini siku hizi kwaya zetu zinatazama Dar es Salaam tu. Nazipenda nyimbo za Bernard Mukasa, na Kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi naisikiliza kwa furaha. Hata hivyo, tunapoiga rekodi zao mpaka pumzi na matamshi, huku kijana wa kigangoni akikaa na daftari la nyimbo zake ambalo hakuna aliyelifungua, sioni kwamba tunawaheshimu hao tunaowaiga. Wao nao walianza kwa kusikilizwa na mtu.

Kusikiliza si kusifu kila kitu. Wimbo wa kwanza wa kijana huwa na kasoro, na iliyo kubwa ni maneno kugombana na sauti. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara zinaandikwa sawa, ila mkazo ndio unaozitenganisha. Mtunzi akivuta silabi isiyostahili, maana inapotea. Kisukuma ni kigumu zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Haya hayajifunzi mtu peke yake. Anahitaji mwalimu wa kwaya atakayeketi naye, si atakayemcheka.

Lipo pia jambo linalonikera: nota zinanakiliwa kutoka kwaya hadi kwaya, na njiani jina la mtunzi linakatwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ni ya mtunzi tangu anapoitunga, na ana haki ya kutajwa. Kijana aliyenyimwa jina lake kanisani atalitafuta jukwaani, kwenye kampeni, popote watakapomwita kwa jina.

Najua kwamba nyimbo za Misa zinahitaji kibali cha Kanisa. Basi tuanzie kwenye jumuiya ndogondogo, kwenye mikesha, na siku ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba. Walimu wa kwaya wa vigango vyote, nileteeni madaftari hayo kabla ya Oktoba kwisha, kila wimbo ukiwa na jina la mtunzi juu yake, kwa kalamu ya wino.