Diploma Iko Mkononi, Lakini Njia Iko Wapi?



Kila mwaka, siku ile matokeo ya mtihani wa Serkali yanatoka, miji yetu inajaa furaha. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, pote ni namna moja: vijana wanajimwagia poda nyeupe kichwani, wanaimba njiani, na mama zao wanapiga vigelegele. Sisi pia tunafurahi pamoja nao. Mzazi aliyelipa feza ya shule miaka 6 ya sekondari, mara nyingi kwa kukopa, ana haki ya kucheza siku ile.

Lakini tunauliza: kisha poda kuoshwa, kijana huyu anakwenda wapi?

Sisi tunaofanya kazi ya ukalani katika mgodi tunaona jibu kila juma. Barua za kuomba kazi zinafika mafungu kwa mafungu. Nyingi haziandikwi sawasawa. Nyingine zinaomba «kazi yoyote». Nyingine zinafika kisha siku kupita. Walioandika si wajinga, ni watoto waliosoma. Lakini hakuna mtu aliyewaonyesha namna ya kutoka shuleni na kuingia kazini.

Tunakumbuka mtoto mmoja wa jirani. Alipata diploma ya Serkali, ile watu wanaita D6, upande wa umeme, na pointi nzuri. Majuma machache baadaye kampani moja ilibandika tangazo langoni: ilitaka vijana wachache wa kufundishwa kazi ya umeme. Tangazo lilikaa siku 5. Yeye alilisikia siku ya 4. Tangazo liliomba diploma, lakini yeye alikuwa na karatasi ya kushuhudia tu kama alishinda, juu ya diploma zenyewe zinachelewa sana kutoka Kinshasa. Akafikiri: «Sina diploma, watanifukuza.» Akarudi nyumbani. Kumbe karatasi ile, pamoja na barua ya mkubwa wa shule, ingepokelewa. Leo yuko na wachimbaji wa mikono, anabeba mifuko ya mawe.

Kosa ni la nani? Kijana alisoma. Shule ilimfundisha. Kampani ilibandika tangazo lake. Na sisi, tunaokaa nyumba 3 toka kwake, tuliosoma tangazo lile mbele ya kubandikwa? Sisi tulinyamaza. Hatukufikiri kama ni kazi yetu. Basi tuseme kweli: katikati ya shule na kazi hakuna mtu anayesimama, na pale katikati ndipo watoto wetu wanapotea.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa Wabelgiji, shule ya msingi ilipewa wengi, lakini masomo ya juu yalifungwa. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wenyeji wa inchi yote waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30. Mtu mweusi aliweza kuwa kalani, mganga msaidizi, padri, lakini si injiniya. Wazee wetu walipigania uhuru ili mlango ule ufunguliwe.

Na mlango ulifunguliwa. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya Serkali hailipwi tena, na watoto wengi waliobaki nyumbani wameingia darasani. Hesabu ni rahisi: mtoto aliyeanza mwaka wa kwanza Septemba 2019, asiporudia darasa, atafika mtihani wa Serkali mwaka 2031. Atafika na wenzake wengi sana. Kama leo, na hesabu iliyo ndogo, hatujui kuwaongoza, siku ile tutafanya nini?

Wengine watasema: «Mbona zamani vijana walipata kazi?» Ni kweli, na inafaa tujue sababu. Zamani Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ilichukua mfanyakazi pamoja na jamaa yake yote. Nyumba, hospitali, shule, chakula, vyote vilitoka kwa kampani. Mtoto alisoma katika shule ya kampani, kisha alipita katika karakana kujifunza ufundi, kisha aliingia kazini pale baba yake alipofanya kazi. Hatusifu utawala wa wakoloni. Union Minière ilifanya vile kwa faida yake, na wazee wetu waliopigwa risasi Elisabethville mwezi wa Desemba 1941 kwa kudai mshahara wanatushuhudia. Lakini daraja lilikuwako.

Daraja lile lilivunjika. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kazi ilipungua, mishahara ilikosa. Mwaka 2003 ilianza safari ile iliyoitwa «kuondoka kwa mapenzi», na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi na feza kidogo mkononi. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilileta kampani mpya kutoka inchi nyingi. Kampani hizi zinachimba shaba na kobalti kwa wingi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika udongo wetu. Lakini nyingi hazitaki kulea mtoto wa mfanyakazi mpaka awe fundi. Zinataka fundi aliyekwisha kuiva. Kazi nyingi zinapita kwa wakandarasi wadogo, ambao leo wanaajiri, kesho wanafukuza. Na tangazo linapouliza «miaka 3 ya kazi», kijana aliyemaliza shule jana ataipata wapi, ikiwa hakuna anayempa mwaka wa kwanza?

Tuna neno kwa wazazi vilevile. Wengi wetu tunataka mtoto aende chuo kikuu tu. Asipokwenda, tunaona kama haya. Tunauza shamba, tunamwandikisha katika masomo ambayo hakuyachagua, na mwaka wa pili feza inakwisha, anarudi nyumbani bila kitu. Sisi makalani tuna makosa hapa. Tulivaa tai, tukatembea na kalamu mfukoni, tukafundisha watu kama kalamu ni kubwa kushinda spana. Leo orodha za mishahara zinapita mikononi mwetu, na tunajua: fundi wa umeme anayeweza kusoma ramani ya mashini, au fundi wa kuunganisha vyuma mwenye cheti kizuri, anapata mara nyingi kushinda kalani. Hatusemi chuo kikuu ni kibaya. Inchi inahitaji mainjiniya na waganga wake. Tunasema njia si moja. Kuna vyuo vya juu vya ufundi na vya ualimu. Kuna INPP, chuo cha Serkali cha kutayarisha watu kwa kazi, kilichoundwa mwaka 1964, chenye masomo mafupi ya umeme, mashini na vyuma. Kijana wa D6 anayepita pale hajashuka. Anatafuta mahali pa kukanyaga.

Na msichana tusimsahau. Wangapi wameshinda mtihani pamoja na kaka zao, kisha wakaambiwa wangoje mume? Diploma yake imelipwa kwa feza ileile. Apewe njia ileile.

Sasa tunaomba nini?

Kwa kampani tunaomba mambo mawili. Kila kampani iweke nafasi za staji kila mwaka, kwa hesabu inayojulikana, kwa vijana wa mahali inapochimba, na matangazo yafike shuleni mapema, yasibaki langoni siku 5. Tena, kampani zote zinalipa mchango kwa INPP juu ya mishahara. Feza ile imekwisha kutoka, basi waulize inafundisha nani, na wawapokee waliofundishwa.

Kwa wakubwa wa miji na vijiji tunawakumbusha sheria. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema 15% ya kodi inayolipwa kwa madini yanayotoka iende kwa komini, sekta na machifu wa mahali pa mgodi. Tena inaamuru kila kampani itoe kwa wenyeji kiasi kisichopungua 0.3% ya mauzo yake ya mwaka, kwa maendeleo yao. Tunaona feza hizi zikijenga lango na ukuta. Ukuta ni kitu kizuri, lakini haulishi mtoto. Sehemu yake iwe ya karakana yenye vyombo, na ya kulipia masomo ya ufundi ya watoto wa maskini. Na hesabu ibandikwe mahali watu wote wanaweza kuisoma.

Kwa Serkali tunaomba diploma itoke upesi. Kijana hawezi kungoja karatasi miaka huku miaka yake inakwenda. Na kila shule ya sekondari iwe na mtu mmoja, hata mwalimu mmoja anayelipwa saa chache zaidi, ambaye kazi yake ni hii tu: kukaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mmoja mmoja, na kuwauliza wanakwenda wapi, kwa njia gani, na karatasi zipi zinahitajika.

Lakini wandugu, tukingoja wakubwa peke yao tutangoja sana. Iko kazi tunayoweza kuanza sisi wenyewe, jumamosi hii, bila franka moja.

Katika kila mtaa wako watu 5 wanaojua: kalani mmoja, fundi mmoja, mwalimu mmoja, muuguzi mmoja, mzee mmoja aliyepita Gécamines. Wakutane na vijana wa mwaka wa mwisho mara moja kwa mwezi, katika nyumba ya chama, au uwanja wa parokia, au chini ya mwembe. Kalani awafundishe kuandika barua inayotaja kazi moja na sababu moja. Fundi aeleze siku yake ya kazi ilivyo, na atari zake. Mwalimu aangalie karatasi mbele ya mtihani: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya miaka yote, jina liandikwe namna moja pahali pote, juu ya herufi moja iliyokosewa inaweza kumzuia mtu mwaka mzima. Kisha mtihani, wampeleke kijana kujiandikisha katika ofisi ya kazi ya Serkali, ONEM. Na sisi wa ofisini tukiona tangazo, tulipeleke jioni ileile mtaani. Kutangaza kilichokwisha kubandikwa si kuiba siri ya kampani.

Kuna mtu atasema: «Nafasi ni chache, hata tukiwaongoza wote hawatapata.» Ni kweli. Nafasi hazitoshi, na mapigano ya kudai kazi zaidi yataendelea. Lakini hata zile chache, leo zinakwenda kwa mwenye shemeji ndani, au kwa mtu aliyetoka mbali. Mtoto wa Katuba asizikose kwa sababu tu hakujua siku ya kupeleka barua.

Kidole kimoja hakiui chawa. Wazee wetu walifungua mlango wa shule, na wengine walilipa kwa damu. Sisi tuliopita mlango ule tuna deni. Mwaka huu, matokeo yatakapotoka, tucheze, tuimbe. Kesho yake asubuhi, mmoja wetu abishe hodi kwa jirani na kumwuliza kijana: «Mwanangu, karatasi zako ziko wapi? Njoo tuziangalie pamoja.»

Uhuru na kazi!