Munalipa Chuma, Hamulipi Mkono

Mwaka jana bwana mmoja wa Nyarutarama alinifukuza kwenye geti lake. RAV4 yake ilikuwa inagonga mbele kila ikipita dodani. Nililala chini yake, kwenye mawe, nikaona rotili ya kushoto imekwisha. Nikamwambia. Akauliza bei, nikamtajia. Hapo akabadilika uso. "Nyinyi mafundi wa kambini tunawajua. Munaweka piesi za Uchina, halafu munadai bei ya orijino. Acha gari yangu."

Nikakusanya spana zangu nikaondoka. Bwana huyo anafanya kazi katika shirika linalosaidia wakimbizi, yaani sisi. Nilitembea na hasira mpaka kwenye stendi ya pikipiki, halafu hasira ikaisha ghafla, kwa sababu kuhusu mimi hakukosea kabisa. Niliwahi kufanya hivyo. Na kwa vile niliwahi kufanya, najua kwa nini inafanyika. Hicho ndicho ninachotaka kumwambia yeye, na kuwaambia nyinyi ndugu zangu wa Kiziba, Mahama, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa, munaopanda magari bila kujua chini yake kuna nini.

Tuelewane kwanza, maana si kila msomaji amewahi kulala chini ya gari. Rotili ni kichwa cha chuma cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chake, kama nyonga ya mtu. Ndiyo inayoshika gurudumu la mbele lisiachane na gari huku likigeuka kulia na kushoto. Amortiseri, ambayo Watanzania wanaiita shokapu, inatuliza springi ili gari ikiruka shimo isiendelee kudunda kama mpira. Silenbloku ni raba iliyobanwa kati ya chuma na chuma visigongane. Resori ni vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine nyuma ya Land Cruiser za mashirika. Vyote hivi viko chini, gizani, kwenye matope. Mwenye gari havioni. Abiria ndiyo kabisa.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na miaka miwili Kigali, nafanya kazi Gatsata, wateja wengine wananiita nyumbani kwao. Mama mmoja, Nyarutarama hiyohiyo, aliniita nibadilishe rotili mbili. Tukapatana bei ya jumla, chuma na kazi pamoja. Akapunguza, akapunguza tena, mpaka kilichobaki juu ya bei ya rotili nzuri kilikuwa nauli ya kwenda na kurudi. Nikasema sawa, mama. Nikarudi Gatsata nikanunua za kuiga kwa robo ya bei, ndani ya boksi lenye jina la Kijapani, herufi zimechapwa vizuri kuliko hata zile za kweli. Nilijua. Raba yake ilikuwa nyembamba kama puto, na grisi ndani ilikuwa ya kupaka tu. Nikafunga, nikalipwa, tofauti ya bei ikawa chakula changu cha wiki mbili.

Miezi minne baadaye mama yule alikuwa anatoka getini, mtoto amekaa nyuma na yunifomu ya shule, gurudumu la kulia likalala. Rotili ilikuwa imechomoka kwenye kikombe chake. Gari ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo kilichovunjika ni fenda na jina langu. Dakika tano zaidi wangekuwa kwenye mteremko wa lami. Nilipofika, mtoto alikuwa amesimama na begi mgongoni, anaangalia lile gurudumu lililokunjwa. Mpaka leo namwona.

Nilirudisha pesa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Mama hakunipeleka polisi. Aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia."

Tangu siku ile nimesikia mahubiri mengi juu ya vipuri vya bei rahisi, na mengi hayasaidii mtu. Wazee wanasema rahisi huvunja upishi. Sawa. Lakini anayepika hupika kwa kilichopo. Mtu wa Kimironko anayelipa deni la gari hawezi kuivalisha orijino toka mbele hadi nyuma. Ukimwambia "orijino au basi", atachagua basi: ataendelea kuendesha na rotili yake iliyokwisha. Huo ndio usalama munaoutaka?

Na hiyo orijino yenyewe ni nini? Toyota hununua amortiseri kutoka kampuni nyingine, na mojawapo ni KYB, yaani Kayaba ya Japani. KYB hiyohiyo inauza amortiseri kwa jina lake, ndani ya boksi lake. Land Cruiser za safari zinavalishwa springi za Old Man Emu, za kampuni ya ARB ya Australia. Siyo Toyota, na hakuna anayelia. Kwa hiyo kipuri kisicho na nembo ya gari siyo feki. Feki ni kile kinachovaa jina la mwingine. Sisi watu wa kambini tunaijua vizuri tofauti ya mtu asiye na karatasi na mtu anayetembea na karatasi ya mwingine.

Tena jina kubwa silo dawa. Mwaka 2012 Toyota ilitangaza Marekani kwamba inaita tena magari zaidi ya 770,000, karibu yote RAV4 za 2006 hadi 2011, zile zile tunazoziona Kigali. Kuna chuma cha nyuma kinachoshikilia gurudumu. Nati yake ikiwa haikukazwa vizuri baada ya magurudumu kunyooshwa, chuma kinaanza kucheza, kutu inaingia, mwisho kinaachana. Mwaka 2013 magari hayo yakaitwa mara ya pili, kwa sababu baadhi yake marekebisho ya kwanza hayakufanywa sawasawa. Chuma orijino, garaji rasmi, na bado nati haikukazwa! Hata KYB, mwaka 2018, walikiri kwamba vipimo vya vifaa vyao vya kutuliza majengo wakati wa tetemeko vilichezewa.

Siwataji ili niwacheke. Nawataja kwa sababu walisema. Walitangaza, wakawaita wenye gari, wakajulishwa hatari iko wapi. Mama yule wa Nyarutarama nani alimwita? Mimi nilikuwa najua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza.

Kwa hiyo nasema hadharani, na mafundi wenzangu mukasirike mukitaka: bei rahisi ina mahali pake. Raba za stabiliza, weka za bei rahisi. Zikifa, gari itapiga kelele kama sufuria kwenye karai, lakini gurudumu halitoki. Amortiseri, chukua ya kampuni yenye jina lake mwenyewe hata kama haina nembo ya Toyota, na weka mbili pamoja, kushoto na kulia, usiweke moja. Okazio nayo usiidharau yote. Chuma kilichotolewa kwenye gari iliyogongwa nyuma kinaweza kuwa kizuri kuliko kipya cha kuiga, kwa sababu kilitoka kiwandani na gari yake. Ila raba na rotili zilizomo ndani zimeshazeeka, zitolewe. Resori ukiongezewa chuma kimoja kilichokatwa kwenye lori la zamani, ujue gari itabeba lakini mgongo wako utalipa.

Lakini rotili na vichwa vya usukani, hapo hakuna mchezo. Hapo usiombe punguzo, na fundi asikupe. Kama pesa haitoshi, gari ilale.

Kukagua hakuhitaji mashine. Sukuma kona ya gari chini kwa nguvu, uachie. Ikipanda na kutulia, amortiseri iko hai. Ikiendelea kudunda, imekufa. Inua gari kwa kriki, weka chuma kirefu chini ya tairi, nyanyua taratibu. Ukiona rotili inapanda na kushuka ndani ya kikombe chake, usiende nayo hata sokoni. Na kontroli ya polisi pale Remera ni kazi nzuri, lakini nimeona kwa macho yangu watu wakiazima amortiseri za kupitia siku ile, jioni wanazirudisha kwa mwenyewe. Karatasi inabaki kwenye kioo, gari inarudi ilivyokuwa.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Fundi anadanganya kwa nini? Siyo kwa sababu ni mkimbizi. Nimeona wenyeji wakifanya, na wenye garaji zenye vigae wakifanya. Anadanganya kwa sababu munalipa chuma, hamulipi mkono. Mwenye gari akiona boksi na nembo, anatoa franga. Lakini saa tatu za mtu chini ya gari anazipigia bei kama nyanya za jioni. "Kufungua tu bolti nne, unataka zote hizo?" Basi mkono unajilipa ndani ya chuma. Fundi anapunguza kwenye kipuri kile ulichokataa kumpa kwenye kazi. Wewe unafurahi umepata bei nzuri, yeye anafurahi amekula, na rotili iko kule chini inawasubiri wote wawili.

Fundi wa kambini yuko pabaya zaidi. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, hilo tunalishukuru. Cheti cha ufundi tulipewa, na siku ya kukipokea tulipigwa picha, nyinyi wafadhili mukiwa katikati. Baada ya picha, hakuna hata gari moja ya mradi iliyoletwa kwetu, hata kubadilisha raba. Tumebaki watu wa kuitwa getini, bila fagitire, bila jina. Asiye na jina anashindana kwa kitu kimoja tu, nacho ni bei. Na bei hukatwa pale pasipoonekana.

Munafikiri nyinyi hamufanyi hivyo? Angalieni tenda zenu.

Land Cruiser ya shirika ina kitabu chake. Kilomita zikifika, inaingia garaji, inabadilishwa vitu kabla havijafa. Vizuri sana, ndivyo inavyotakiwa. Lakini gari inayobeba sisi inakodiwa. Zinaombwa profoma tatu, ya chini inashinda. Nilipokwenda Kiziba mwishoni mwa mwaka, nilikuta Hiace iliyokodiwa kuteremsha wagonjwa hadi mjini Karongi. Munaijua barabara ile. Nikainama kwa mazoea tu. Amortiseri za nyuma zote mbili zilikuwa zimelowa mafuta, moja imefungwa kwa waya. Nikamwuliza dereva, kaka, hii vipi? Akanijibu bila aibu: "Tulishinda kwa sababu profoma yetu ilikuwa ya chini. Nitanunua mpya na nini?" Ndani walikuwa wamekaa wajawazito wawili na mama yangu mdogo mwenye presha.

Dereva yule ni mimi. Ni mimi yule wa rotili ya kuiga, tofauti ni kwamba yeye alibanwa bei na ofisi, mimi nilibanwa na mama mmoja. Katika profoma ile kuna mstari wa kilomita, mstari wa mafuta, mstari wa dereva. Hakuna mstari hata mmoja unaouliza chini ya gari kukoje. Halafu gari ikianguka, mutasema vipuri vya Uchina vinaua watu.

Basi nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkutano wa hoteli.

Mafundi wenzangu, tuanze na sisi: andika kwenye karatasi, hata ya daftari, ni kipuri gani umeweka. Orijino, kampuni nyingine, okazio. Tia sahihi. Kile cha zamani kirudishe mkononi mwa mwenyewe, ndani ya boksi la kile kipya, akione. Na ukiwa umeshikiwa bei mpaka rotili nzuri haiwezekani, sema hapana. Najua hapana ni njaa. Nimewahi kuilala.

Wenye gari wa Nyarutarama na kwingineko: tenganisheni bei. Kipuri hiki ni kiasi hiki, kazi ni kiasi hiki. Ukitaka, nunua kipuri mwenyewe, mimi nitafunga. Lakini kazi ilipe kama kazi.

Na nyinyi wa mashirika: ongezeni mstari mmoja kwenye profoma, na kabla ya kusaini tumeni mtu ainame. Siyo lazima atoke Kigali. Kambini kuna vijana wenye cheti chenu. Walipeni saa mbili za kuangalia chini ya gari itakayobeba mama zao. Wataangalia vizuri, niaminini.

Bwana wa RAV4, kama jarida hili limefika mezani kwako, sina kinyongo. Ulikuwa na sababu ya kutoniamini. Lakini sikukudanganya siku ile: rotili yako ya kushoto imekwisha. Usiniite mimi, mwite fundi unayemtaka. Ila mwite leo.