Anayeuguza Naye Huugua

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kisiwani Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, aliyepooza kwa kiharusi aghalabu huuguzwa nyumbani na jamaa zake. Akizidiwa, huvushwa kwa motaboti hadi Mbita. Kila mpita njia humjulia hali mgonjwa, anayemuuguza haulizwi.

Niliwahi kumkemea mwanafunzi aliyesinzia darasani. Kumbe alikuwa amekesha akimgeuza nyanya yake kitandani! Nilijuta. Kukosa usingizi, kulialia na kukata tamaa kwa majuma mawili au zaidi si uvivu wala kurogwa. Yamkini ni sonona, nayo ina tiba.

Shirika la Afya Duniani limeorodhesha amitriptilini na fluoksetini miongoni mwa dawa muhimu. Hata hivyo, dawa hizi huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu. Si za kuazimana, wala haifai kuziacha ghafla bila ushauri wa daktari. Isitoshe, kidonge hakimpokei mtu zamu ya kukesha.

Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022, ikazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Wajibu huo sharti uvuke maji, ufike katika zahanati za visiwani.

Walimu wenzangu, kabla ya kukemea, tuulize: nyumbani kuna mgonjwa? Nanyi wanafunzi, msione haya kujibu.