Sheria ya Mazingira Ishuke Hadi Ukingoni mwa Mto

Mto Nyamwamba hushuka kutoka milima ya Rwenzori, ukapita Kilembe na mji wa Kasese, ukaelekea Ziwa George. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulifurika. Ulichukua roho za watu, ukabomoa nyumba na madaraja, ukaingia hata katika hospitali ya Kilembe. Mwezi wa Mei 2020 ukafurika tena. Wananchi wana haki ya kuuliza: je, nchi yetu haina sheria ya kulinda mazingira?

Jibu letu ni kwamba sheria tunazo. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulipoanza kazi mwaka 1956, hesabu kubwa ilikuwa ya tani za shaba. Uchimbaji ulisimama mwaka 1982, lakini vifusi vilibaki bondeni, na mvua huvichukua hadi mtoni. Mwaka 1986 Serikali iliunda wizara ya kulinda mazingira. Mwaka 1991 ilianza kuandaa mpango wa taifa, na mwaka 1994 sera ikapitishwa. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 39, ikampa kila raia haki ya mazingira safi yenye afya. Mwaka huo huo sheria iliunda mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na kuagiza kamati za wilaya. Kanuni za mwaka 2000 zikatenga ukanda wa kingo za mito usiolimwa, na mwaka 2019 sheria yote ikaandikwa upya.

Basi kasoro iko wapi? Iko kati ya karatasi na jembe. Mkulima wa Kasese amebanwa. Juu yake ni hifadhi ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991. Chini yake ni hifadhi ya Queen Elizabeth, ya tangu mwaka 1952. Shamba lake ni kipande cha mteremko tu. Akiambiwa aache ukingo wa mto, ataacha mihogo ya watoto wake.

Sisi tuliopita chuo cha kadeti tulifunzwa kwamba amri isiyoeleweka hutiiwa mbele ya mkubwa, na huvunjwa akigeuza kisogo. Askari aweza kumwondoa mkulima ukingoni asubuhi. Jioni njaa itamrudisha. Bunduki hailindi ukingo wa mto.

Kwa hiyo hapana budi mambo matatu yafanyike. Kwanza, kamati za mazingira zipewe fedha, zikutane vijijini, na sheria isomwe kwa Lukonzo. Pili, mwenye shamba ukingoni apewe miche ya mianzi na majani ya mifugo, ili ukanda uliokatazwa kulimwa umpatie riziki badala ya kumnyang'anya. Tatu, wakuu wa Bwera wakae na wenzao wa Kongo. Mto Lhubiriha ndio mpaka wetu, na maji hayasimami Mpondwe kukaguliwa na forodha. Mti ukipandwa ng'ambo moja na kukatwa ng'ambo ya pili, kazi ni bure.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kilembe tumekwisha kujenga ukuta mara mbili. Tuzibe ufa sasa, mkulima akiwa nasi.