Wastani wa mwezi hauzibui mitaro
Mwezi ukiisha tunaambiwa mvua imezidi wastani au imepungua, kwa kipimo cha miaka 30, yaani 1991 hadi 2020. Kipimo hicho ni halali, ila hakitoshi. Desemba 20, 2011, Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 ndani ya saa 24. Katika eneo la Jangwani watu wakapanda mapaani. Yagawe maji hayo kwa siku 31: kama milimita 5 kwa siku, mvua ya kuanulia nguo tu. Wapo watakaosema mkulima anahitaji jumla ya mvua ya mwezi. Kweli, lakini mahindi yakichanua katikati ya wiki tatu za jua kali, jumla nzuri haimpi gunia. Taarifa za mwezi zitaje pia idadi ya siku za mvua, na siku iliyonyesha kuliko zote.