Mtu wa Ruhwa na Michezo Mitatu: Najibu Niliyoambiwa

Ruhwa ni jina la mto na ni jina la mpaka. Upande huu ni Bugarama, wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda. Ng'ambo ya daraja ni Burundi. Ni bonde la mpunga, joto na malori ya saruji, na Kiswahili husikika sana sokoni. Hapa ndipo nilipoanza kujiandaa kwa traiathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote matatu kwa mfululizo siku moja. Nina watoto watatu na kazi ya ofisini. Nilipoanza niliambiwa mengi, mengine kwa upendo, mengine kwa kunivunja moyo. Nimeyabeba muda mrefu, na sasa nataka kuyajibu, maana naona vijana na wazazi wenzangu wanaacha kabla ya kujaribu.

La kwanza: "Huo ni mchezo wa wazungu wenye pesa."

Mbio ndefu ya kwanza ya aina hii inayojulikana kwa jina la Ironman ilifanyika Hawaii, Februari 18, 1978. Walioanza walikuwa 15 na waliomaliza 12. Hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walikuwa watu wenye ajira zao, na wa kwanza alitumia karibu saa 12. Kwetu, Agosti 14, 2022, Rubavu iliandaa Ironman ya nusu kwenye ufuko wa Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Ni ziwa letu, lile lile ambalo mji wa Kamembe unalitazama kutoka kusini.

Kuhusu pesa, nakubali nusu. Ada za mashindano makubwa ni nzito na baiskeli za kaboni ni ghali kuliko pikipiki. Mtu ambaye mfuko wake umekauka tangu Burundi ilipofunga mpaka Januari 11, 2024 hapaswi kuambiwa akanunue chochote. Lakini masafa mafupi yapo: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli, 5 za kukimbia. Kwa hayo baiskeli ya kawaida inatosha, mradi breki zote mbili zinakamata, matairi ni mazima, na kichwani kuna kofia ngumu. Watazame wanyonzi wa Bugarama, wale wabebaji wa baiskeli, wanavyosukuma magunia ya mchele juani. Miguu ya kazi hiyo haikununuliwa dukani. Na lile vazi la mpira la kuogelea linaloonekana kwenye picha, huku halina kazi: kanuni za kimataifa humkataza mshiriki wa kawaida kulivaa katika masafa ya hadi mita 1,500 maji yakizidi nyuzi joto 22, na maji ya juu ya Kivu kwa kawaida yanazidi hapo.

La pili lina pande mbili, na kila upande una msemaji wake. Mmoja anasema, "Mto uko mlangoni, ogelea hapo." Mwingine anasema, "Kivu lina gesi, litakuua."

Wa mto namjibu kwa mkato: usithubutu. Mto Ruhwa ni mpaka wa nchi mbili, na kuuvuka kwa kuogelea ni kujitafutia kesi. Mvua zikinyesha milimani unakuja mwekundu wa tope na kasi isiyopimika. Unamwaga maji yake katika Rusizi, na Rusizi ukishuka kuelekea Tanganyika una mamba na viboko. Mifereji ya mashamba ya mpunga nayo haifai. Ni makazi ya konokono wa kichocho. Maji moto ya Mashyuza ni ya kujinyoosha mwili, basi.

Wa gesi anastahili jibu refu, kwa sababu hofu yake ina msingi. Ni kweli kwamba chini ya Kivu kumeyeyuka kiasi kikubwa sana cha kaboni dayoksaidi na methani. Ni kweli pia kwamba mwaka 1986 Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitoa gesi ghafla na kuua watu zaidi ya 1,700. Lakini gesi ya Kivu imefungwa kwenye vilindi, mamia ya mita chini, na uzito wa maji ya juu ndio unaoikandamiza isipande. Mtu anayeogelea mita chache kutoka ufukoni hawezi kuitibua, kama vile mvuvi wa sambaza haitibui kwa wavu wake kila usiku. Methani hiyo hiyo huvutwa kwa bomba huko Karongi na kuzalisha umeme. Palipo na mazuku, yale mashimo ya hewa mbaya upande wa Goma na Rubavu, wenyeji wanapajua. Waulize, usikae mabondeni.

Kinachoua ziwani ni kuzama. Hili nalisema kwa sauti, kwa kuwa wengi wetu wa bondeni tulikua bila kujifunza kuogelea. Usiingie majini peke yako, hata siku moja. Fuata ufuko, usikate kuelekea katikati. Mimi hufunga kidumu cha njano cha lita 5, kitupu na kilichozibwa barabara, kwa kamba kiunoni, ili wenye mitumbwi wanione. Nikichoka nakishika na kupumua. Hakichukui nafasi ya jaketi la kuokolea wala ya mwenzako aliye ufukoni. Baada ya miezi michache nenda kituo cha afya upimwe kichocho. Dawa ipo na inatibu.

Na gharama kubwa kuliko zote ipo hapa: nauli. Bugarama ndiyo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari. Kivu liko mita 1,460. Kwenda ziwani ni kupanda mita 500 na zaidi. Ndiyo sababu naogelea mara moja tu kwa wiki, Jumapili, na sioni aibu kumaliza nyuma ya wengi katika kipengele hicho.

La tatu: "Mwenye kazi hana muda."

Tuhesabu pamoja. Jumanne nakimbia dakika 45. Jumatano baiskeli saa moja. Ijumaa nakimbia dakika 40. Jumamosi baiskeli saa moja na nusu, kisha nashuka na kukimbia dakika 15 papo hapo, ili miguu izoee ule uzito unaokuja mtu akitoka kwenye kiti cha baiskeli. Jumapili nipo majini saa moja. Jumla ni dakika 310. Shirika la Afya Duniani linamshauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mtu wa masafa mafupi anapita ushauri huo kidogo tu.

Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi nchini Rwanda zinaanza saa 3 asubuhi na kuisha saa 11 jioni. Mwajiriwa wa ofisi ana nafasi kati ya kupambazuka na saa 2. Mkulima wa mpunga na mama anayepanga nyanya sokoni kabla jua halijatoka hawana nafasi hiyo, na sitawadanganya kwamba ratiba yangu ni yao. Kwao siku tatu kwa wiki ni mwanzo wa heshima.

Usiendeshe baiskeli gizani. Barabara yetu ina malori, na dereva wa usiku hakuoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, basi zoezi la siku hiyo linafutwa. Halilipwi Jumatatu. Wengi huumia magoti kwa kulipa madeni ya aina hiyo. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga wapunguze, na kinachobaki kiwe chepesi, baada ya futari.

La nne: "Unawaibia watoto wako."

Hili halikusemwa na jirani. Alilisema mama watoto, na alikuwa na haki. Mwanzoni nilikuwa natoka Jumapili alfajiri, narudi mchana, nakula na kulala hadi jioni. Siku moja aliniambia, "Wewe unafanya mazoezi mara moja, mimi nalipa mara mbili: ukiwa barabarani, na ukiwa umelala." Sikuwa na jibu. Ratiba yangu nilikuwa nimeipanga vizuri, lakini nilikuwa nimeipanga kwa muda wa mtu mwingine.

Tulikaa na daftari. Kila dakika ninayochukua, ananidai dakika. Jumamosi alasiri watoto ni wangu, na yeye anakwenda kwenye kikundi chake cha akiba, au analala, au anakwenda kwa dada yake bila kuulizwa anarudi saa ngapi. Jumapili nikirudi kutoka ziwani sigusi kitanda. Mkubwa wangu siku hizi hunifuata kwa baiskeli ninapokimbia, akiniwekea maji. Tumeongea njiani mambo ambayo nyumbani tusingeyaongea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaohamasisha watu waruke moja kwa moja hadi ile nusu ya Rubavu. Kilomita 90 za baiskeli haziandaliwi kwa dakika 310. Zinataka wiki za saa 8, 10, wakati mwingine 12, kwa miezi. Nyumba yenye mtoto anayenyonya haina saa hizo, na anayezichukua anamchukulia mkewe usingizi. Namwambia wazi: ngoja. Ziwa halihami. Na nikisema hivi simsemi baba peke yake. Mama naye ana mapafu na miguu, na akitaka kukimbia, mumewe ndiye apike uji asubuhi hiyo.

La tano: "Umepita umri, moyo utasimama."

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukiangalia mashindano ya Marekani kuanzia 1985 hadi 2016, ulihesabu watu 135 waliokufa au mioyo yao kusimama ghafla. Ulikadiria kiwango cha kama 1.74 kwa kila washiriki 100,000. Wengi walikuwa wanaume, hatari iliongezeka kwa umri, na 90 kati yao mambo hayo yaliwakuta majini. Hofu basi ina pa kukaa, na jibu lake ni kupima. Mwanamume aliyepita miaka 40 apime shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza, na maumivu ya kifua au kizunguzungu yamsimamishe siku hiyo hiyo. Joto la bonde nalo si la kuchezewa: kunywa kabla ya kiu, kimbia kabla ya jua. Na Bugarama ni eneo la malaria. Ukiwa na homa, pima kwanza, viatu baadaye.

Wapo pia wanaosema anayelima mpunga hahitaji mazoezi. Huenda. Lakini mimi nakaa kitini saa 8 kwa siku, na wanaoniambia hivyo wengi wao wanakaa pia.

Ndugu msomaji, kama uko Bugarama, Muganza au Kamembe na umekuwa ukiitazama barabara kwa hamu, usianze na viatu wala baiskeli. Leo jioni, watoto wakishalala, chukua daftari ukae na mwenzako, umuulize kwanza saa zake yeye ni zipi.